Kachuma cha Meno cha Baba Kilikuwa Kwenye Mkoba Wangu

Walipokuwa wakitafuta kachuma cha baba katika nyumba ya mke wa ndugu yangu, wakimwaga unga na kukung'uta nguo za watoto, kilikuwa ndani ya mkoba wangu. Mwanzoni mkoba wenyewe ulikuwa mapajani pangu. Niliushika kwa mikono miwili kama mtu aliyeketi kanisani.

Nilikosa. Naanza na hilo ili usisome hadi katikati ukidhani natafuta wa kulaumu. Hakuna aliyenituma wala aliyenidanganya. Ulikuwa wivu, na wivu huo ulianzia kwenye kitu kifupi kuliko kidole changu cha mwisho.

Sasa nirudi nyuma nieleze vizuri. Kazi yangu ni kuandika rejista ya wagonjwa katika zahanati moja huku Mautuma, nilikoolewa. Nimezoea kuuliza watu: ilianza lini, mlikuwa wapi, nani alikuwepo. Maswali hayo sikuwahi kujiuliza mwenyewe hadi mwaka huu. Majina ya watu nimeyabadilisha. Mengine yote ni kama yalivyotokea.

Kwetu ni Kabras. Mimi ni mtoto wa kwanza wa baba, msichana, na Aggrey ndiye kitinda mimba. Baba alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha sukari. Huko kiwandani, kabla sijazaliwa, alichukua kipande cha waya wa chuma kisichoshika kutu, akakinoa upande mmoja, akakipinda upande wa pili kikawa na kipete kidogo, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa. Kilikuwa cha kuchokolea meno. Akakitafutia kifuniko cha kalamu kuukuu kiwe ala yake, na tangu siku hiyo hakikutoka kwenye mfuko wa shati lake. Nyumbani tulikiita kachuma.

Ungemwona matangani! Watu wakimaliza nyama walikuwa wakivunja vijiti kwenye ua wa jirani. Wengine walitumia njiti za kiberiti, na vijana walikuwa na vile vijiti vya kununua vinavyokatikia mdomoni. Baba angengoja wote wahangaike. Kisha angeingiza vidole viwili mfukoni, avute kachuma polepole, afanye kazi yake, akipanguse kwa kitambaa na kukirudisha. Akiombwa aazime alikuwa anauliza, "Mswaki wangu pia utaniomba?"

Lakini kwa kazi nyingine alikitoa bila kinyongo. Alizibulia jiko la mafuta ya taa, alitobolea mkebe wa maziwa, na simu zilipokuja akawa anafungulia watu kile kitundu cha laini. Nilipokuwa darasa la pili alinitoa funza nacho kwenye kidole cha mguu. Alikipitisha motoni kwanza, akaniambia nitazame ng'ombe, na nilipogeuka funza alikuwa ameshatoka. Baada ya hapo alinipa kachuma nikivae shingoni kwa uzi siku nzima. Hakuna mtoto mwingine aliyewahi kupewa.

Nina jina la nyanya yangu, mama yake mzazi, kwa hiyo baba aliniita "mama". Wengine aliwaita kwa majina yao. Mimi peke yangu ndiye niliyekuwa mama.

Kisha baba akapata kiharusi, upande wa kulia ukalala. Mama yangu macho yake hayaoni vizuri. Mimi niko Mautuma na kazi na shamba la mahindi. Aggrey alikuwa anaondoka asubuhi kwenda kupakia miwa na kurudi jioni. Aliyebaki nyumbani mchana kutwa ni mke wake, Metrine, msichana wa watu wa Navakholo.

Nieleze hapa desturi, kwa maana bila hiyo hutaelewa nilichofanya. Kwetu mke wa mtoto hamgusi baba mkwe. Hakalii kiti chake. Haingii chumba chake cha kulala. Wakipishana njiani, mmoja anakaa kando. Hiyo ni heshima, na mwanamke akiivunja, aibu ni ya nyumba nzima. Kwa hiyo Aggrey ndiye aliyemwogesha baba, mama alimvalisha kwa kupapasa, na Metrine alipika na kuleta chakula hadi mlangoni.

Mwezi wa kwanza wa ugonjwa nilikuja nikakaa siku mbili. Tulichinja kuku. Baada ya kula, baba alitoa kachuma kwa mkono wa kushoto, na mkono ukatetemeka. Akajichoma mdomo, damu ikatoka. Akanitazama, akaninyooshea kachuma. Maneno yalikuwa yanamtoka kwa shida.

"Nitolee, mama."

Nilisema, "Ngoja nimwite mama aje akusaidie, baba." Nikatoka nje. Nikajifanya napokea simu.

Ukweli ni kwamba niliona kinyaa. Siku zote naona midomo ya wagonjwa, ila wa baba, ulivyokuwa umepinda na mate yakichuruzika, sikuuweza. Hakuniomba tena. Nimetaja hili mapema kwa sababu kwa muda mrefu nilisimulia mambo haya na kuliruka.

Miezi miwili baadaye nilifika mchana bila kupiga simu. Mama alikuwa kwa jirani. Nilipita karibu na dirisha la sebule, nikasimama.

Kiti cha baba kilikuwa kimegeuzwa kuelekea mwangaza. Metrine alikuwa amesimama mbele yake, mbali kadiri mkono ulivyoweza kufika. Alikuwa ameuzungushia mkono wa kushoto leso, vidole vyote vimefunikwa, na kwa mkono huo alimshika baba kidevu. Kwa mkono wa kulia alishika kachuma. Alitazama jino tu, macho yake hayakukutana na ya baba hata mara moja. Baba alikuwa amefungua mdomo, ametulia kabisa. Kisha akafunga mdomo na kupumua kama mtu aliyetuliwa mzigo.

"Asante, mama," akasema.

Metrine akatia kachuma kwenye kikombe cha maji ya moto, akakitoa, akakipangusa, na kukirudisha kwenye ala. Halafu akakining'iniza kwenye uzi shingoni mwake.

Shingoni mwake! Nilirudi hadi langoni, nikaanza upya kuja kwa kelele ili wanisikie. Nilisalimia, nikanywa chai. Nilimwuliza Metrine habari za watoto.

Tangu siku hiyo nilianza kuhesabu. Alivyojua kwamba baba anapenda uji mzito. Alivyoelewa maneno yake wakati mimi nilihitaji arudie mara tatu. Nilikuwa nikileta matunda kutoka Eldoret, baba anayatazama tu, kisha Metrine anayakata vipande vidogo na baba anakula. Siku moja nilimwambia Metrine, kwa kicheko, kwamba siku hizi yeye ndiye binti wa hapa. Akajibu, "Wewe uko mbali, Mama Brenda. Mtu wa karibu ndiye anatumwanga kila siku." Alisema bila ubaya. Mimi nilikaa na jibu hilo wiki nzima nikiligeuzageuza kama limerushwa kunipiga.

Baba alifariki asubuhi moja mwaka jana, wakati wa kupalilia. Siku ya mazishi, kabla mwili haujatolewa nyumbani, niliingia jikoni kutafuta sahani. Kachuma kilikuwa kwenye rafu, ndani ya ala yake, kando ya chumvi. Nilikitia kwenye mkoba. Nilijiambia nakiondoa kisipotee kwenye vurugu za wageni, nami nitakirudisha. Nilipofunga zipu nilijua sitakirudisha.

Siku ya tatu baada ya mazishi watu wa nyumbani hunyolewa, kisha ukoo unaketi na kugawa vitu vya marehemu. Vitu vya baba hupewa wanaume. Baba mdogo, ndugu wa baba anayemfuata, ndiye aliyeongoza. Koti likaenda kwa mwana mkubwa wa baba mdogo. Kofia na redio zikapata wenyewe. Fimbo akapewa Aggrey. Kisha baba mdogo akasema, "Na kale kachuma kake ka meno? Hako nako kaende kwa Aggrey."

Kwa Aggrey maana yake ni kwa Metrine. Ndivyo nilivyosikia mimi.

Wakatafuta kwenye mashati ya marehemu, hakipo. Wakatafuta chini ya mto, hakipo. Mama akasema kilikuwa jikoni. Jikoni pia hakipo. Baba mdogo si mtu wa makuu. Alipunga mkono na kusema, "Kama kamepotea, kamepotea. Tuendelee."

Ungekuwa mwisho hapo. Watu walikuwa wameshaanza kuongea mengine. Hakuna aliyeniuliza lolote! Mimi ndiye niliyesimama.

"Baba mdogo, si umwulize Metrine," nikasema. "Yeye ndiye alikuwa anamchokoanga baba meno."

Wanawake waliokuwa wanaosha vyombo waliacha.

Baba mdogo akamgeukia Metrine polepole. "Mama, ni kweli?"

Metrine alikuwa ameketi chini na wake wengine wa nyumba. Akainuka. "Ni kweli. Nyama ilikuwa inakwama, analia. Mama haoni, na Aggrey hayuko."

"Ulimshika mdomo?"

"Nilimshika."

Senje yetu, dada yake baba, ana ulimi. Aliuliza pale alipoketi, "Na kwingine ulimshika wapi?"

Baadhi ya wanawake wakacheka. Metrine alimtazama Aggrey, na Aggrey alikuwa anachora mchanga kwa ile fimbo mpya. Kisha Metrine akanitazama mimi. Nadhani alikuwa anangoja nimalize kusema niliyoyaona.

Nilikuwa nimeona leso. Nilikuwa nimeona alivyosimama mbali na alivyoinamisha macho. Mimi ambaye kazini nikikosea tarehe moja naifuta na kuandika upya! La leso sikulisema. Nilikaa chini.

Senje akasema kama ameshika mdomo wa baba mkwe basi na kachuma anacho, na wanawake wawili wakatumwa nyumbani kwa Metrine kutafuta. Baada ya dakika chache senje akaniita. "Wewe ni mtu wa ofisi, unajua kupekua. Ingia uwasaidie."

Niliingia. Nilitundika mkoba begani nikaingia. Niliinua godoro la ndugu yangu. Nilifungua sanduku la mke wake na kutoa nguo moja baada ya nyingine, nikatazama ndani ya viatu vya watoto. Mwenzangu mmoja aliumwaga unga kwenye ungo na kuupekua kwa vidole. Metrine alisimama mlangoni, mtoto wa mwisho mgongoni, akatutazama mpaka tukachoka.

Hakikupatikana, na hilo likawa baya zaidi, kwa sababu sasa wakasema amekificha ili akitumie kwa uchawi. Baba mdogo aliona watu wamechafuka. Akaamua Metrine aende kwao, arudi na watu wake na kondoo wa kutakasa nyumba. Jioni hiyo hiyo Metrine aliondoka na watoto wawili wadogo. Mkubwa alibaki kwa sababu ya shule.

Kaka zake wakakataa. Walituma neno kwamba dada yao alimlisha mzee wetu tukiwa tumemwacha, na kondoo hawana. Upande wetu ukasema basi akae huko. Ndivyo ilivyokwama.

Sasa nikueleze ilichonigharimu. Mama yangu hakuwa na wa kumpikia, kwa hiyo nilimchukua aje Mautuma. Nilifikiri sasa nimepata nafasi yangu. Namwogesha, nampikia obusuma, ugali wetu, na mboga anazopenda, namsomea Biblia. Hanilaumu kwa lolote, hajui. Lakini nikimkata kucha anasema, "Metrine alikuwa analoweka kwanza." Nikimpa chai ananusa na kuuliza kama kuna tangawizi, Metrine alikuwa anatianga tangawizi. Anauliza kila Jumapili kama amerudi. Na mimi, baada ya yote niliyofanya, bado nikisikia jina hilo naumia kwa wivu. Ungefikiri aibu ingeumaliza. Haijaumaliza.

Kachuma chenyewe nilikitembeza kwenye mkoba kila siku. Nilikitumia mara moja tu, baada ya kula mahindi ya kuchoma kazini. Niliporudisha mkono nikaona mwenzangu ananitazama. Akasema ni kizuri, nimekitoa wapi. Nikasema ni cha baba, aliniachia. Uongo ulitoka laini kabisa.



Wiki iliyofuata nilipanda boda boda hadi kwa kina Metrine, Navakholo. Nilimkuta uani anapukusa mahindi. Alinipa kiti, mkono hakunipa. Niliongea nikiwa nimesimama, kuanzia dirishani mpaka jikoni mpaka kwenye unga. Nilimweleza pia siku baba aliponiomba mimi kwanza, nikakataa. Nilipomaliza nikatoa kachuma na kumnyooshea.

Hakukipokea. Aliendelea kupukusa hadi gunzi likabaki tupu.

"Mimi sikuibiwa kachuma, Mama Brenda," akasema. "Mahali ulisemea ile maneno, hapo ndipo utasema hii. Watu wakiwa wale wale."

Nilimwomba nimwambie Aggrey faraghani kwanza. Akasema, "Senje alinicheka faraghani?"

Nilimwahidi. Hiyo ilikuwa kabla ya mvua ya mwaka huu. Mvua imenyesha, mahindi yamekomaa, nami nimeketi na baba mdogo mara mbili na kuongea habari za ng'ombe. Kila mara nikitaka kuanza nawaza nitakavyoaibika. Namwona senje, nawaona wale wanawake, naona mume wangu akisikia, na huku kazini watakavyosema. Dada mkubwa mwizi wa kijiti cha meno! Nikarudi Mautuma.

Halafu wiki mbili zilizopita senje alinipigia kwa furaha. Wamempatia Aggrey msichana wa Malava, mpole, amemaliza kidato cha nne. Aggrey hajakubali wala kukataa. Wataongea na wazazi wake wakishavuna. Senje alitaka kujua maoni yangu, mimi kama mkubwa.

Basi ndugu msomaji, kama kuna mtu mnayemgombania, mzazi au yeyote, na umeona mwenzako anafanya kazi uliyoikataa wewe, mwache aifanye. Mshukuru. Na kama ulimi umekuteleza mbele ya watu, usingoje kama nilivyongoja mimi. Ungesema siku ile ile, wangekukasirikia jioni moja. Ukikaa miezi, wanakuletea mke mwingine wa ndugu yako na kukuuliza maoni.

Juzi nimempigia baba mdogo. Nimemwomba awaite watu wote waliokuwepo siku ya kunyolewa, hata senje, hata wale waliopekua. Aliuliza kuna nini. Nikasema nina neno la kusema. Amekubali Jumamosi ijayo, saa nne asubuhi.

Kisha nikapiga nambari ya Metrine. Simu ikapokelewa. Nikasikia kuku na mtu akipumua. Nikasema ni mimi, nikasema ni Jumamosi saa nne, nikasema nitasema yote pamoja na la leso, nikamwomba aje na kaka zake. Nikangoja jibu. Yule mtu alipumua kidogo tena, kisha simu ikakatwa.

Nimepiga mara nne tangu hapo na haipatikani. Sijui aliyenisikia alikuwa Metrine, au mama yake, au mmoja wa watoto aliyeokota simu uani.